Tovuti ya fundi wa Moshi kwa gharama nafuu: mwongozo kamili, kuanzia picha hadi kulipia upya

Fundi mwenye karakana Moshi ana wateja wa aina mbili. Yupo anayepita barabarani, akaona mageti yameegemezwa ukutani, akashuka kwenye bodaboda na kuuliza bei. Huyo haihitaji tovuti yako, macho yake yamemtosha. Na yupo anayeishi Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, anajenga kwao Machame, Kibosho, Marangu au Rombo, na anataka nyumba iwe na madirisha kabla hajapanda kuja kula Krismasi na wazee. Huyu haioni karakana. Anachojua ni alichoambiwa na binamu kwenye grupu la ukoo, na pengine amekwisha kutuma pesa kwa fundi mwingine zikaliwa. Akipewa jina lako, kabla hajapiga simu atalitafuta mtandaoni.

Tovuti yako ni ya huyu wa pili. Nalisisitiza hili mapema kwa sababu ndilo litakalokuokolea fedha: kila kitu ambacho hakimsaidii mteja aliye mbali kukuamini na kukupigia, usikilipie. Na katika yale utakayolipia, mawili ndiyo yanayopandisha au kushusha gharama kuliko mengine yote. La kwanza ni nani anaandaa picha na maneno. La pili ni tovuti imesajiliwa kwa jina la nani.

Mifano yangu mingi itakuwa ya fundi wa madirisha ya aluminiamu na mageti, lakini fundi bomba, fundi umeme, seremala au mfungaji wa sola atajiona humu, awe Moshi au Arusha.

Kwanza, maliza vya bure

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, weka sawa vitu viwili. Hamisha namba ya kazi kwenye WhatsApp Business, jaza saa za kazi, eneo, na katalogi yenye picha za kazi zako. Kisha fungua wasifu wa biashara wa Google, ule unaotokea kwenye ramani mtu akitafuta fundi wa karibu. Haulipiwi. Google itataka ithibitishe kuwa upo kweli, na mara nyingi siku hizi huomba video fupi: onyesha mtaa, kibao cha karakana, mashine zako, na wewe ukifungua mlango. Fanya hivyo mchana, bila kukata video.

Kama kazi zako zote zinatoka Pasua na Majengo, kwa majirani wanaokujua tangu ukiwa msaidizi wa fundi, hivyo viwili vinakutosha na fedha yako ielekee kwenye mashine ya kukatia. Nasema hivyo kwa dhati. Tovuti inaanza kuwa na maana pale unapotaka kazi za watu wasiokujua: wanaojenga wakiwa mbali, mahoteli, shule, wakandarasi wanaotafuta wa kumpa kazi ndogo ndani ya kazi kubwa.

Hatua ya kwanza: andaa picha na maneno kabla ya kumtafuta mtengenezaji wa tovuti

Hapa ndipo tovuti nyingi za mafundi zinapokwama. Mtengenezaji anapewa advansi, anasubiri picha mwezi mzima, hazifiki, mwishowe anaweka picha za kiwanda cha China alizookota mtandaoni. Mteja wa ng'ambo anaitambua picha ya namna hiyo upesi, maana ukuta hauna sura ya kwetu na mlima hauonekani popote. Imani inakufa hapo hapo.

Picha zipigwe hivi. Futa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa safi, jambo linalosahaulika sana kwenye karakana yenye vumbi la chuma. Shika simu kwa ulalo. Piga asubuhi au jioni, jua likiwa nyuma yako. Kila kazi ipate picha nne: tundu la dirisha kabla ya kazi, vijana wakiwa kazini, kazi iliyokamilika ikionekana kwa mbali, na ya karibu inayoonyesha kona, kitasa au mahali pa kuungia. Ile ya karibu ndiyo inayozungumza na mteja anayejua kazi. Weldingi iliyosagwa vizuri huonekana, na silikoni iliyopakwa kwa mkono mtulivu huonekana.

Omba ruhusa ya mwenye nyumba, na uiombe kwa ujumbe wa maandishi ili ibaki kwenye simu. Usionyeshe nyuso za watoto, namba za magari wala namba ya nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mtu dhidi ya taarifa zake kutumika ovyo. Na hata sheria isingekuwepo, hakuna anayependa geti lake jipya litangazwe pamoja na njia ya kufika kwake.

Chini ya kila picha andika mstari mmoja wenye habari kamili: kazi gani, eneo gani kwa ujumla, vipimo, na ilichukua siku ngapi. "Madirisha 14 ya kuteleza yenye nyavu za mbu, Kibosho, siku 6." Mstari huo una thamani kuliko aya nzima ya kujisifu kwamba nyinyi ni bora na waaminifu.

Kisha punguza uzito wa picha. Picha inayotoka kwenye simu ya kawaida inaweza kuwa na MB 4. Picha 30 za namna hiyo ni MB 120, na mteja anayetumia bando hatazisubiri zifunguke. Zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 au 1,600, kila moja inaweza kushuka hadi KB 150 hivi na bado ikaonekana safi kwenye simu. Zote 30 zinakuwa MB 4.5. Kuna programu nyingi za bure za kupunguza picha kwenye simu, na kazi yenyewe ni ya jioni moja. Ukimwachia mtengenezaji, atakutoza muda huo.

Maneno nayo yaandike mwenyewe, kwa Kiswahili chako cha kazi. Usiogope kuandika kama unavyoongea na mteja. Kurasa tano zinatosha kabisa.

Ukurasa wa mwanzo unasema unafanya nini, wapi, na namba ya simu, vyote vionekane bila kuteremsha skrini. Wa huduma unataja kila kazi kwa jina ambalo mteja analitumia anapotafuta. Mteja huandika "bei ya madirisha ya aluminiamu Moshi" au "fundi geti Arusha", kwa hiyo maneno hayo yawemo kwenye ukurasa. Wa kazi zetu ni picha na maelezo uliyokwisha andaa. Wa mawasiliano una namba, eneo la karakana na jina la biashara kama lilivyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kama una TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara, sema unavyo. Mtu aliye mbali hulitafuta jina lako kwenye orodha za usajili, na akilikuta linalingana na la tovuti, nusu ya wasiwasi imekwisha.

Nimeacha mmoja makusudi, maana ndio ninaoupenda kuliko yote na ndio ambao tovuti nyingi hazina: ukurasa wa utaratibu na bei.

Mafundi wengi huogopa kuandika bei, wakidhani mshindani ataiona. Mshindani anaijua tayari. Asiyeijua ni mteja, na kimya chako kinamfanya adhani unakadiria kwa kuangalia sura yake. Huna haja ya kutaja bei moja. Eleza inavyopatikana: kwa mita ya mraba, kutegemea unene wa kioo, rangi na aina ya profaili, nyavu za mbu, grili, na umbali wa saiti. Toa mfano mmoja wa hesabu. Dirisha la upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2 lina mita za mraba 1.8. Zidisha kwa bei yako ya mita ya mraba, ongeza usafiri na ufungaji, na hapo mteja anaona mwenyewe hesabu imetoka wapi. Andika tarehe ya bei hizo, maana aluminiamu na vioo hupanda.

Halafu eleza utaratibu kwa mtu ambaye hatakuwepo. Vipimo vinachukuliwa baada ya plasta, kwa sababu plasta hubadilisha tundu. Unampigia simu ya video ukiwa kwenye saiti unapima. Unatuma kotesheni ya maandishi. Advansi ni asilimia ngapi, na inalipwa kwa lipa namba ambayo jina litakalojitokeza kwenye simu yake ni lile lile la kwenye tovuti. Picha zinatumwa madirisha yakiwa karakana kabla hayajasafirishwa. Malipo ya mwisho ni baada ya nani kukagua: baba yake, dada yake, au msimamizi wa ujenzi. Mtu wa Dar aliyewahi kuliwa pesa akisoma ukurasa huo atajua anaongea na fundi aliyekwisha kufikiria hofu zake.

Hatua ya pili: sajili jina, na lisajiliwe kwako

Jina la tovuti, yaani domeini, ni kama hati ya kiwanja: nyumba inaweza kubomolewa ikajengwa nyingine, lakini mwenye hati ndiye mwenye mali. Ukimwachia mtengenezaji alisajili kwa jina na barua pepe yake, siku mkikosana au akihama mji, jina uliloandika kwenye gari, kwenye fulana na kwenye risiti litakuwa lake.

Kwa hiyo, hata kama hujui lolote la kompyuta, hatua hii ifanye mwenyewe au ukae pembeni ya mtu anapokufanyia. Fungua barua pepe mpya ya biashara, ihusishe na namba yako ya simu, na nywila uiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Majina yanayoishia na .tz yako chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na yanauzwa na kampuni zilizoidhinishwa kuyasajili. Kampuni za hapa nchini kwa kawaida hupokea malipo kwa simu, na hilo linamfaa asiye na kadi ya benki ya kulipia mtandaoni.

Uchague .co.tz au .com? Kwa fundi ambaye wateja wake wote wanajenga Tanzania, nachagua .co.tz bila kusita. Inamwambia mteja uko wapi, na mara nyingi jina unalolitaka huwa bado halijachukuliwa. Jina la .com hugharimu kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka kwa wauzaji wengi, nalo ni zuri, ila usilipie yote mawili mwaka wa kwanza.

Jaribu jina kwa kulitamka kwenye simu ukiwa kando ya stendi, mabasi yakipiga honi. Kama mtu wa upande wa pili amelazimika kuuliza mara mbili linaandikwaje, tafuta jingine. Usiweke kistari katikati, wala tarakimu, wala vifupisho ambavyo wewe tu ndiye unajua maana yake.

Hatua ya tatu: chagua njia ya kujengea

Njia ni nne.

Unaweza kujenga mwenyewe bure kwa Google Sites. Ukiwa na akaunti ya Google unaanza leo, na inakubali kuunganishwa na domeini yako. Sura yake ni ya kawaida na mipangilio ni michache, lakini kwa mtu mwenye picha nzuri na maneno mazuri inafanya kazi. Kama bajeti ni ndogo kabisa, anza hapa bila aibu.

Njia ya pili ni kurasa za kawaida zilizoandikwa moja kwa moja kwa lugha ya kompyuta, zisizo na mfumo wowote nyuma yake. Hizi ni nyepesi, hufunguka haraka hata mtandao ukiwa wa kusuasua, na si rahisi kudukuliwa kwa sababu kuna kidogo cha kudukua. Zinaweza kuhifadhiwa bure kwenye huduma kama Cloudflare Pages, kwa hiyo unalipia domeini peke yake kila mwaka. Kasoro yake ni kwamba kubadilisha jambo kunahitaji mtu anayejua.

Ya tatu ni WordPress, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003 na ambayo watengenezaji wengi wa Arusha na Moshi wanaijua. Hapa unalipia kwa mwaka nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Faida ni kwamba unaweza kuongeza kazi mpya mwenyewe kwa simu. Lakini inadai matunzo. Programu yenyewe na vijalizi vyake, yaani vile viprogramu vya kuongezea (plugins), vinahitaji kusasishwa mara kwa mara, na tovuti iliyotelekezwa mwaka mzima ndiyo inayoingiliwa na kuanza kumpeleka mteja wako kwenye matangazo ya kamari. Ukichagua njia hii, kubaliana tangu mwanzo nani anasasisha, na vijalizi viwe vichache kadiri iwezekanavyo.

Ya nne ni kukodi: unalipa kila mwezi na kampuni inakujengea, inatunza na inamiliki. Piga hesabu kabla ya kukubali. Tuseme ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 600,000, kwa miaka mitatu ni 1,800,000, na ukiacha kulipa tovuti inatoweka. Ukijengewa kwa 300,000 na kutenga 150,000 kila mwaka kwa domeini, seva na marekebisho madogo, miaka mitatu ni 750,000 na kila kitu ni chako.

Ushauri wangu: kama hutaandika kitu kipya kila mwezi, chukua njia ya pili. Wengi hujidanganya kwamba wataandika, lakini jioni ya fundi ina uchovu wake. Kama una mtoto au kijana wa ofisini anayependa simu na atakuwa anaongeza picha kwa uhakika, chukua WordPress.

Hatua ya nne: mtafute mtengenezaji, na mwambie usichohitaji

Arusha ina watengenezaji tovuti wengi kwa sababu ya utalii. Hilo ni jema, ila bei ya wengi imezoea kampuni za safari: kurasa nyingi za Kiingereza, mfumo wa kubukingi, malipo ya kadi, ramani za hifadhi. Ukimwambia tu "nataka tovuti", atakupigia bei ya aina ile. Lazima umwambie usichohitaji.

Vijana wazuri wapo pia vyuoni. Chuo cha Uhasibu Arusha kule Njiro kinafundisha teknolojia ya habari, Chuo cha Ufundi Arusha kipo, na Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetaka kazi ya kuonyesha atafanya kwa bei nafuu na kwa bidii. Mpe muda wa kutosha kidogo, usimwekee kazi wiki ya mitihani, na mlipe mnachokubaliana kwa wakati. Naye ni fundi kama wewe.

Tuma ujumbe huu kwa watu watatu, wote ujumbe ule ule, ili bei ziweze kulinganishwa:

"Habari za kazi. Nina karakana ya madirisha ya aluminiamu na mageti, Moshi. Nahitaji tovuti ya kurasa tano kwa Kiswahili: mwanzo, huduma, kazi zetu, utaratibu na bei, mawasiliano. Maneno ninayo, na picha 30 zimekwisha punguzwa. Sihitaji malipo mtandaoni, bukingi wala blogu. Domeini nimesajili mwenyewe. Naomba bei ya ujenzi peke yake, bei ya seva kwa mwaka kama ipo, na siku za kumaliza. Naomba pia linki za tovuti tatu ulizojenga ambazo bado ziko hewani."

Majibu yatakuambia mengi. Asiyetoa linki hata moja, mshukuru umwache. Kwa waliotoa, zifungue kwa simu yako, kwa bando, siyo kwa kompyuta yake ofisini. Kisha piga namba iliyo kwenye mojawapo umuulize mwenye biashara kama mtengenezaji huwa anapokea simu baada ya kulipwa. Hilo ndilo swali la maana kuliko yote.

Anayekuahidi kuwa wa kwanza Google anakuuzia asichonacho. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kukuhakikishia hilo.

Kwa kazi ya namna hii, yenye kila kitu tayari, mimi ningeingia kwenye mazungumzo nikiwa na shilingi 300,000 kwa ujenzi na nisingevuka 500,000 bila kuelezwa kwa maandishi kilichoongezeka. Hicho ni kikomo changu cha bajeti, nacho kinatokana na ukweli kwamba sehemu kubwa ya kazi umekwisha kuifanya wewe.

Hatua ya tano: andikeni makubaliano

Ukurasa mmoja unatosha, hata ujumbe wa WhatsApp ambao wote wawili mmejibu "nakubali". Uwe na haya: kurasa zipi, siku ngapi, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei (mawili ni haki), na kwamba mwisho wa kazi unakabidhiwa nywila zote na nakala ya mafaili yote. Malipo yagawanywe mara tatu: asilimia 40 kuanza, 40 ukiona tovuti nzima kwenye anwani ya majaribio, na 20 baada ya kuikagua ikiwa hewani kwenye domeini yako. Wewe mwenyewe unachukua advansi kwa mtindo huo kwenye mageti, kwa hiyo usione vibaya kuutaka, wala usimcheleweshee mwenzako ile 20.

Kama wateja wako ni pamoja na mahoteli, hospitali za misheni au wageni waliojenga Shanty Town, ongeza ukurasa mmoja wa Kiingereza wenye muhtasari. Mmoja tu. Kutafsiri tovuti nzima kunaweza kungoja.

Hatua ya sita: kagua kabla ya malipo ya mwisho

Azima simu ya bei rahisi, ya mtu mwingine, yenye bando la kawaida. Fungua tovuti. Kama imekufanya uvute pumzi ukisubiri, rudisha. Bonyeza namba ya simu: lazima ifungue sehemu ya kupiga moja kwa moja, siyo kumlazimisha mteja kunakili. Bonyeza kitufe cha WhatsApp: lazima kifungue mazungumzo na wewe. Kiungo chake huandikwa wa.me/255 kikifuatiwa na namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Kosa hapo ni la kawaida mno, na mteja aliye nje ya nchi ndiye anayeumia, kwa kuwa namba inayoanza na sifuri haimpeleki popote.

Hakikisha anwani inaanza na https. Cheti cha usalama kinachofanya hivyo hupatikana bure kupitia Let's Encrypt, kwa hiyo usikubali kutozwa ada ya ziada kwa ajili yake. Soma kila neno kwa sauti. Mpe mama au shangazi asiyejua lolote la tovuti umwambie, "Tafuta hapa bei ya dirisha na unipigie." Mtazame bila kumsaidia. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha.

Usisahau kupima kasi ya tovuti kwenye programu ya Google iitwayo PageSpeed Insights. Ni ya bure, unaweka anwani tu, nayo inakuonyesha kinachochelewesha. Mara nyingi ni picha.

Hatua ya saba: ijulikane

Unganisha tovuti na wasifu wako wa biashara wa Google, na uisajili kwenye Google Search Console ili kurasa zitambulike. Jina, namba na eneo viandikwe kwa namna moja kila mahali: tovuti, ramani, Facebook, Instagram, kibao cha karakana. Ukiwa na namba mbili tofauti sehemu mbili tofauti, mteja ataichagua ile uliyokwisha kuiacha.

Maoni ya wateja kwenye ramani yana uzito mkubwa kuliko tangazo. Yaombe siku ile ile unapomaliza kufunga dirisha la mwisho, mteja akiwa bado anafurahia, kwa kumtumia kiungo. Usinunue maoni na usiwaandikishe ndugu zako. Watu wa ukoo mmoja wakisifu kwa siku moja kwa maneno yanayofanana, mji mdogo kama huu unajua.

Kuhusu wakati: tovuti mpya haionekani Google kesho yake. Kwa kazi za Kilimanjaro zinazolenga Desemba, watu huanza kuulizia madirisha na mageti miezi kadhaa kabla, kwa hiyo tovuti iwe hewani ifikapo Julai au Agosti. Fundi wa paa na mifereji ya maji alenge kabla ya masika ya Machi.

Matunzo, na ikitokea mtengenezaji ametoweka

Kama tovuti yako ni ya kujihariria mwenyewe, kila mwezi ongeza kazi moja, picha nne na mstari mmoja. Kila miezi mitatu angalia bei na tarehe yake. Tarehe ya kulipia domeini iweke kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja kabla, na uiandike pia ukutani karakana. Barua pepe zinazodai ulipie upya haraka zikitoka kwa kampuni ambayo hukununua kwake, zipuuze. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako uangalie tarehe.

Na kama tayari una tovuti, aliyeijenga hapatikani, usianze kulipia nyingine mpya kwanza. Tafuta jina la domeini yako kwenye huduma ya WHOIS uone imesajiliwa kupitia kampuni gani na inaisha lini. Wasiliana na kampuni hiyo ukiwa na cheti cha usajili wa jina la biashara kutoka BRELA, TIN, kitambulisho na risiti za malipo uliyofanya, uombe kukabidhiwa umiliki. Wakati ukisubiri, nakili maneno yote na uhifadhi picha zote zilizo kwenye kurasa kabla tovuti haijazimwa. Domeini ikirudi mikononi mwako, badilisha barua pepe na nywila siku hiyo hiyo, kisha urudi kwenye hatua ya tatu na yale maneno na picha ulizookoa.